Pedali ya fazi ya kujitengenezea: kutoka transista moja hadi boksi lililovaa kanga

Maswali ni yale yale. Bendi ikimaliza mazoezi, kijana anakuja, anainama kuitazama pedali iliyo miguuni pangu, kisha anauliza: umeinunua wapi? Nikimwambia nimeitengeneza, yanafuata mengine matatu. Je, lazima niwe nimesomea umeme? Vifaa vinapatikana hapa Mombasa? Na hiyo kanga umeibandikaje hata isibanduke? Nimeyajibu kwa mdomo miaka mingi. Leo nayaandika, uyasome huku vifaa viko mezani mbele yako.

Tutatengeneza fazi, yaani pedali inayoikwaruza sauti ya gita mpaka iwe nene na yenye ukali. Nimeichagua kwa sababu ndiyo pedali nyepesi kuliko zote kwa mwanafunzi. Maestro FZ-1, iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1962, ilikuwa na transista tatu. Fuzz Face ya London, ya mwaka 1966, ilikuwa na mbili. Yetu ina moja. Husomei umeme kwa kazi hii. Unahitaji macho, subira na mita ya kupimia volti.

Nadharia ni hii tu: transista inaikuza sauti ya gita, halafu dayodi mbili zinavikata vilele vyake. Huko kukatwa ndiko unakokusikia kama mkwaruzo. Tuendelee.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Vya sauti:

- Transista BC547, moja. Nunua tatu, maana bei yake ni ndogo na ya kwanza huenda ukaiunguza.
- Rezista za 1M mbili (kahawia, nyeusi, kijani) na za 4.7k mbili (manjano, zambarau, nyekundu).
- Kapasita za 100 nF mbili (zimeandikwa 104), moja ya 22 µF na moja ya 100 µF. Hizi mbili za mwisho ziwe za volti 16 au zaidi.
- Dayodi 1N4148 mbili na 1N4007 moja.
- Volyumu mbili: B1K ya ukali na A100K ya sauti.
- Jeki mbili za gita za milimita 6.35, moja ya stereo na moja ya mono. Usiulize kwa nini ya stereo. Utaona hatua ya nane.
- Swichi ya kukanyaga yenye miguu tisa. Dukani itaje kwa jina 3PDT, vinginevyo utapewa ya taa ya ukutani.
- Ledi moja ya milimita 5, kishikio cha betri ya volti 9 na betri yenyewe.
- Kipande cha ubao wenye matundu na nyaya nyembamba za rangi tatu: nyekundu ya chanya, nyeusi ya ardhi (njia ya pamoja inayorudi kwenye hasi ya betri), na rangi yoyote nyingine ya sauti.

Vya kazi: chuma cha kulehemu cha wati 30 hadi 40, lehemu nyembamba yenye fluksi ndani yake, mita, plaisi, drili, tupa na msasa.

Vya pambo: kipande cha kanga kuukuu, gundi nyeupe ya mbao, praima ya chuma, rangi, vanishi na brashi laini.

Rezista, kapasita, dayodi na transista utazipata kwa fundi redio wa mtaani kwenu. Wengi wana makopo yaliyojaa vipuri vya redio zilizokufa, na ukienda kwa adabu atakuchagulia mwenyewe. Kinachosumbua ni swichi ya miguu tisa. Ukiikosa mjini, agiza kwa mtu aliye Nairobi akutafutie Luthuli Avenue, akutumie kama kifurushi kwa basi la usiku.

Boksi liwe la chuma. Plastiki haizuii kelele, na saketi hii ina masikio makali sana. Boksi la alumini ambalo watengenezaji wengi duniani hulitumia ni la takriban milimita 112 kwa 60 kwa 31, lakini kulipanga mara ya kwanza huku ukitaka na betri iingie ni kujitesa. Nenda kwa fundi bati, mmoja wa wale wanaokunja majiko na masanduku, mwambie akukunjie boksi la sentimita 12 kwa 9 kwa 4, mfuniko ukae chini na ufungwe kwa skrubu nne. Mwombe bati nene. Kopo la biskuti linapendeza kwa macho, ila ukilikanyaga mara kumi linabonyea na swichi inalegea. Ukilipenda sana, weka kibao chembamba kwa ndani chini ya swichi.

Hatua kwa hatua

1. Ijue miguu ya transista. Ishike BC547 uso wake bapa ukikutazama, miguu chini. Kutoka kushoto kwenda kulia: kolekta, beisi, emita. Fundi akikupa 2N3904 badala yake, itafanya kazi, lakini miguu yake imepangwa kinyume: emita, beisi, kolekta. Pedali nyingi "zilizokufa" ninazoletewa zina transista iliyogeuzwa. Andika herufi K, B na E kwenye karatasi na uiweke mbele yako.

Ijue na miguu ya volyumu. Kijiti kikikuelekea na miguu iko chini, mguu wa kushoto ni 1, wa kati ni 2, wa kulia ni 3.

2. Panga bila kulehemu. Tia vifaa kwenye matundu ya ubao, usiguse chuma cha moto bado. Transista ikae katikati, vitu vya kuingiza sauti kushoto, vya kutoa kulia, laini ya chanya juu, laini ya ardhi chini. Ukiipanga sauti iende upande mmoja kama maji ya mfereji, baadaye ukitafuta kosa utalifuata kwa kidole.

3. Lehemu. Fuata orodha hii, na kila ukimaliza mstari mmoja uwekee alama:

   a) Waya wa kuingiza sauti uende kwenye kapasita ya 100 nF, na upande wa pili wa kapasita uende kwenye beisi. Kabla ya kapasita, mahali waya unapofikia, weka rezista ya 1M kwenda ardhi.
   b) Rezista ya pili ya 1M iunganishe beisi na kolekta.
   c) Rezista ya 4.7k itoke kolekta kwenda laini ya chanya.
   d) Emita iende mguu wa 3 wa volyumu ya B1K. Mguu wa 1 uende ardhi. Mguu wa 2 uende upande wa chanya wa kapasita ya 22 µF, na upande wa hasi, wenye mstari, uende ardhi.
   e) Kolekta iende kwenye kapasita ya pili ya 100 nF, kisha mguu wa 3 wa volyumu ya A100K. Hapo hapo kwenye mguu wa 3 funga dayodi mbili za 1N4148 kwenda ardhi, moja mstari wake juu, nyingine mstari wake chini.
   f) Mguu wa 1 wa A100K uende ardhi. Mguu wa 2 ndio mlango wa kutokea sauti.
   g) Waya mwekundu wa betri upite kwenye dayodi ya 1N4007, mstari wake ukielekea saketi, ndipo ufike laini ya chanya. Kutoka laini hiyo weka kapasita ya 100 µF kwenda ardhi, upande wenye mstari uwe wa ardhi.

Hiyo 1N4007 ni mlinzi. Siku utakapogusisha betri kinyume gizani, ndiyo itakayozuia.

Kuhusu kulehemu kwenyewe: pasha joto mguu na ubao kwa pamoja, hesabu hadi mbili, kisha gusisha lehemu kwenye kiungo, si kwenye chuma. Kiungo kizuri kinang'aa na kimetandaza kama mguu wa mlima. Kikiwa tonge la kijivu, kimekaa juu tu hakijashika, kipashe tena. Usimkalie transista kwa zaidi ya sekunde tatu. Fungua madirisha, na ukimaliza nawa mikono kabla ya kushika chakula, kwa sababu lehemu nyingi zinazouzwa huku zina risasi.

4. Pima. Geuza volyumu zote mbili katikati, funga betri, waya wake mweusi ukiwa ardhi kwa sasa, ncha nyeusi ya mita iwe ardhi na nyekundu iguse kolekta. Ukipata kati ya volti 3.5 na 6, tulia, saketi iko hai. Ukipata karibu 8 au 9, transista haipitishi kitu: imegeuzwa, imeungua, au rezista ya 1M ya kolekta na beisi haijashika. Ukipata chini ya 1, kuna mahali lehemu imeunganisha njia mbili zisizohusiana. Usiende hatua ya tano mpaka namba hii ikae sawa.

5. Isikilize ikiwa uchi. Unganisha jeki moja kwa moja na ubao, bila swichi, bila boksi: ncha ya jeki kwenye waya wa sauti, mwili wa jeki kwenye ardhi. Weka amplifaya chini kabisa, kwa sababu fazi hii ina nguvu kuliko unavyodhani. Piga nyuzi. Itavuma kidogo kwa kuwa haina boksi la kuikinga. Hilo ni la kawaida. Geuza B1K kulia, ukali uongezeke.

Hapa ndipo pa kuchezea ladha, na nakuomba usipapite mbio. Ondoa dayodi moja, sikia mkwaruzo unavyopinda upande. Badilisha dayodi moja kwa ledi nyekundu, sauti itakuwa kubwa na wazi zaidi, kwa sababu ledi inaruhusu vilele virefu kabla ya kuvikata. Kama wewe ni mpiga besi, badilisha kapasita ya kwanza ya 100 nF kwa 1 µF ili noti nzito zisibaki mlangoni. Kwa bango, muziki wetu wa Pwani, mimi huweka ukali robo tu, gita ing'ang'anie kidogo nyuma ya saksafoni bila kuifunika. Ukiifungua yote, ule mrindimo wa gita la pili unageuka uji. Amua sasa unachokipenda, kwani boksi likishafungwa utaona uvivu kulifungua.

6. Toboa boksi kabla ya kulipamba. Pima kila kifaa kwa rula kwanza. Mara nyingi swichi inataka tundu la milimita 12, jeki 10, volyumu 7, ledi 5. Chora kwenye karatasi, ibandike juu ya boksi, gonga alama kwa msumari, toboa tundu dogo, kisha panua. Libane boksi kwa jiliwa au vibanio; usilishike kwa mkono, kwa sababu drili ikinasa kwenye bati, bati linazunguka kama kisu. Lainisha kingo kwa tupa. Jaribu vifaa vyote viingie, kisha vitoe tena.

Jeki zisitazamane kwa ndani. Nimewahi kuona boksi zuri ambalo plagi zote mbili zikichomekwa zinagongana.

7. Pamba. Nitakaa hapa kidogo, kwa kuwa naipenda kazi hii kuliko zote, na kwa kuwa nachoka kuona pedali za vijana wetu zimechorwa mafuvu ya kunakili. Mji huu una michoro kila ukigeuka: nakshi za milango ya Mji wa Kale, mikeka, hina za maharusi, maandishi ya tuktuk. Chukua humo.

*Kusafisha.* Kwaruza boksi lote kwa msasa, lifute kwa kitambaa chenye spiriti, usiliguse tena kwa vidole. Paka praima ya chuma tabaka mbili nyembamba, hata kwenye kingo za matundu. Hewa yetu ina chumvi; mahali praima haikufika, kutu itaota chini ya pambo lako na kulisukuma juu.

*Kanga.* Tumia iliyofuliwa sana: imelainika na rangi yake haichuji tena kwenye gundi. Usikate ya mama au ya dada bila kumuuliza, hata kama inatumika kufutia meza. Kanga hubeba kumbukumbu za watu. Ukitaka mpya, Biashara Street imejaa, na unaweza kugawana doti na rafiki.

Kanga ina pindo, mji na jina. Pindo linafaa kuzungushwa ubavuni mwa boksi. Mji unafaa juu. Jina linapendwa na kila mtu lakini lina shida: herufi zake ni kubwa, na methali nzima haienei kwenye sentimita tisa. Tafuta fupi kama "Wema hauozi", au acha maneno yazunguke boksi, msomaji aligeuze mkononi. Pima kwanza ujue tundu la swichi litaangukia wapi, lisije likaikata herufi.

Piga kanga pasi. Changanya gundi nyeupe na maji kidogo, iwe nzito kama uji mwepesi. Paka boksi, laza kitambaa, sukuma hewa kutoka katikati kwenda nje kwa kadi ya simu ya zamani. Kwenye pembe, kata kipande chenye umbo la V ili nguo isijikusanye. Acha usiku kucha. Kesho yake paka gundi ile ile juu, tabaka tatu, kila moja ikauke kwanza. Matundu utayafungua mwisho kwa wembe mpya, ukikata kutoka katikati kwenda kingoni kama nyota na kukunjia ndani. Sababu ya kwanza ya kanga kubanduka ni wembe butu unaovuta nyuzi.

*Njia ya hina.* Ikiwa mkono wako ni wa kuchora, paka boksi rangi moja, kisha jaza rangi nzito ya akriliki kwenye koni ya plastiki kama ile ya hina, ukate ncha ndogo kabisa. Mstari unatoka umeinuka, unausikia kwa kidole. Kama hujui kuchora, kuna dada mtaani kwenu anayepamba maharusi. Mlipe kazi yake, na uandike jina lake chini ya boksi.

*Vanishi.* Paka tabaka nyembamba nne kuliko nene moja. Na hapa kuna kosa la Mombasa hasa: usipulize vanishi siku ya unyevu. Niliwahi kupuliza boksi jioni ya mwezi wa tano, masika yamekaza, asubuhi nikalikuta limefunikwa na ukungu mweupe ndani ya vanishi yenyewe. Nililikwaruza lote nikaanza upya. Puliza kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, siku kavu, kivulini, mbali na upepo unaobeba mchanga. Miezi ya kaskazi ndiyo yenye raha. Kisha liache siku tatu nzima. Likikauka kwa macho, ndani bado ni bichi, na nati za volyumu zitalikunja.

8. Funga ndani na unganisha swichi. Kwaruza rangi ndani ya tundu la jeki moja, chuma kwa chuma kiguse, ili boksi zima liwe ardhi. Usipofanya hivyo, boksi haliikingi saketi hata kidogo.

Swichi ina safu tatu zilizosimama, kila safu miguu mitatu. Ziite ya kushoto, ya kati na ya kulia. Kwa mita hakikisha kwanza: mguu wa katikati wa kila safu uungane na wa juu au wa chini wa safu yake hiyo hiyo ukibonyeza. Ukiona unaungana na wa jirani, izungushe swichi robo.

   - Safu ya kushoto: wa katikati uende ncha ya jeki ya kuingilia; wa juu uende mlango wa kuingia wa ubao.
   - Safu ya kati: wa katikati uende ncha ya jeki ya kutokea; wa juu uende mlango wa kutoka wa ubao (mguu wa 2 wa A100K).
   - Mguu wa chini wa kushoto na wa chini wa kati: viunganishe kwa waya mfupi. Hii ndiyo njia ya sauti pedali ikiwa imezimwa.
   - Safu ya kulia: wa katikati uende mguu mfupi wa ledi; wa juu uende ardhi. Wa chini uache mtupu. Mguu mrefu wa ledi uende kwenye rezista ya 4.7k iliyobaki, kisha laini ya chanya.

Jeki ya kuingilia ndiyo ya stereo. Waya mweusi wa betri uende kwenye pete yake, ile ya kati. Ardhi ya ubao iende kwenye mwili wake. Plagi ya gita ikiingia, inaunganisha pete na mwili, na pedali inawaka. Ukiichomoa, betri inapumzika. Saketi hii inakula miliampia mbili au tatu tu, hivyo betri nzuri itapita saa mia moja, mradi usiache plagi ndani usiku.

Funika sehemu ya chini ya ubao kwa karatasi ngumu au tepu isiguse bati, kisha funga mfuniko.

Usijaribu kuiwashia adapta ya ruta ya intaneti. Nyingi ni za volti 12 na chanya yake iko katikati, wakati pedali nyingi za gita hutaka volti 9 na hasi katikati. Kwa pedali ya kwanza, kaa na betri.

Ikigoma

*Haitoi sauti kabisa, hata ikizimwa.* Kosa liko kwenye jeki au swichi, si kwenye ubao. Angalia kama ncha na mwili wa jeki vimebadilishana.

*Inapita ikizimwa, ikiwashwa kimya.* Rudi hatua ya nne, pima kolekta. Namba ikiwa nzuri, chukua waya uliounganishwa na ncha ya plagi inayoingia kwenye amplifaya, uwekee kapasita ya 100 nF mwishoni, na uunganishe mwili wa plagi hiyo na ardhi ya ubao. Mtu apige gita, wewe gusisha kapasita hiyo kwenye njia ya sauti: mlangoni, beisi, kolekta, volyumu. Mahali sauti inapopotea ndipo penye kosa. Kifaa hiki kidogo kimeniokolea muda kuliko mita.

*Inavuma sana.* Boksi halijaungana na ardhi, au uko karibu na feni au transfoma. Geukia upande mwingine na gita lako, usikie kama mvumo unapungua.

*Unasikia redio.* Inatokea, na inashangaza mara ya kwanza. Funga kapasita ya 100 pF kutoka waya wa kuingilia kwenda ardhi, na fupisha waya huo.

*Inapiga mluzi ukifungua ukali wote.* Waya wa kuingilia na wa kutokea zimelala pamoja. Zitenganishe, moja ipite kila upande wa boksi.

*Sauti inakuwa nyembamba ukiweka pedali nyingine kabla yake.* Saketi hii inataka ikutane na gita moja kwa moja. Iweke ya kwanza kwenye mstari.

*Ilikuwa nzuri, sasa volyumu zinakwaruza.* Hiyo ni chumvi ya bahari. Puliza dawa ya kusafishia viungo vya umeme ndani ya volyumu, izungushe mara ishirini, fanya vivyo hivyo kwa jeki. Kisha weka ndani ya boksi kile kipakiti kidogo cha chembechembe za kunyonya unyevu kinachokuja na viatu vipya, na ukibadilishe masika yakianza.